Punje Moja kwa Kila Mwananchi

Palikuwa na nchi moja, na ikiwa leo haionekani kwenye ramani basi lawama zisiende kwa wananchi wake, maana wao walishirikishwa hadi dakika ya mwisho. Katika nchi hiyo serikali haikufanya jambo lolote bila kuwauliza watu. Chumvi ilipotaka kupanda bei, watu waliulizwa wangependa ipande siku gani ya juma. Wafungwa waliulizwa malango ya gereza yapakwe rangi gani. Hata mwandishi mmoja wa gazeti alipopotea, mkewe aliitwa kwenye warsha ya siku mbili atoe mapendekezo kuhusu namna bora ya kutomtafuta. Alipewa chai na andazi, na mapendekezo yake yakachapwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa.

Kazi hiyo yote ilikuwa mikononi mwa Wizara ya Ushirikishwaji. Wizara ilikaa katika jengo la ghorofa kumi na nne lisilo na mlango wa mbele, kwa kuwa wananchi walikuwa bado wanaulizwa mlango uwekwe upande gani. Watumishi waliingia kwa nyuma, kupitia jikoni, na walikuwa na afya njema.

*

Chini ya soko kuu la mji mkuu kulikuwa na bonde lililoitwa Kwa Maganda, na humo aliishi mjane mmoja, Bi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, asiyejua kuzungusha maneno. Miaka mingi nyuma, watu wa bondeni walipochoka kunusa maganda ya ndizi na majani ya kabichi yaliyotupwa bondeni na wauza soko, yeye alianza kuyapanga. Tabaka la maganda, tabaka la majivu, tabaka la samadi kutoka machinjioni, maji kidogo, kisha maganda tena. Lundo likakua hadi likapita paa la nyumba yake, likawa linafuka moshi mwembamba kila asubuhi, na watu wakaliita Jungu.

Kulipika Jungu kulikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi Kidawa alichoma nondo ndefu hadi katikati ya lundo, akaiacha kidogo, akaichomoa na kuigusisha kwenye kifundo cha mkono wake. Akiweza kuistahimili hadi amalize kutaja majina ya wanawe watatu, Jungu limepoa na linataka kupinduliwa. Akiiondoa kabla ya jina la pili, mambo ni mazuri. Wanawake waliojifungua walifukia debe la maji ubavuni mwa Jungu asubuhi, na kabla ya adhuhuri walikuwa na maji ya moto ya kumwogeshea mtoto bila kuchoma hata kijiti kimoja.

Mboji iliyotoka hapo, nyeusi na laini, iliingia kwenye bustani za kando ya kijito. Mchicha na figili vikapanda kwenda sokoni, na maganda yakarudi. Pumba za mashine za kusaga zilikwenda kwa Mzee Baruti, aliyezifinyanga kuwa makaa ya kupikia, na majivu ya makaa hayo yakarudi kwenye Jungu. Bonde zima lilikula humo. Hakuna aliyeuita utaratibu huo mpango; waliuita kazi, na siku nyingine waliuita balaa, hasa mvua ilipozidi.

Mzee Baruti alikuwa mtani wa Kidawa. Watu wa kabila la mmoja na wa kabila la mwingine walipigana zamani hadi wakachoka, na tangu hapo wakawa watani: mtani hutukana bila kukosa, huchukua kitu cha mwenzake bila kuomba, na mwenzake akifa yeye ndiye husimamia maziko na kumcheka marehemu ili wafiwa wapate nguvu. Kwa hiyo hao wawili walitukanana kutwa nzima, na mgeni angedhani watauana. Baruti alisema Jungu linanuka kama babu zake Kidawa. Kidawa alisema makaa ya Baruti hayashiki moto kwa sababu yamefinyangwa na mtu mvivu. Jioni walikula sahani moja.

*

Ndipo mwaka mmoja serikali ikatangaza kwamba mji umechoka. Ulikuwa ukichukua tu bila kurudisha, ikasema, na sasa ungekuwa Mji Unaojihuisha, kwa mpango utakaotungwa na jamii yenyewe. Bonde la Kwa Maganda likawa la kwanza kufikiwa. Yalikuja mahema ya kijani, spika za kijani, na mtu mmoja mpole aliyevaa fulana ya kijani, Bwana Adelardi, Mwezeshaji Mkuu wa Sauti za Wananchi.

Ni lazima isemwe kwamba Bwana Adelardi alikuwa mtu mzuri. Hakupaza sauti. Alichuchumaa alipoongea na wazee ili asiwazidi kimo. Alisimama mbele ya watu wa bondeni akawaambia kwamba wakati wa kupanga mji ofisini umekwisha.

"Mpango huu utatoka tumboni mwa jamii," alisema. "Tunataka mji ambao taka ya mmoja ni riziki ya mwenzake, na kinachotoka ardhini kinarudi ardhini."

Mtu mzima wa serikali alikuwa anaeleza Jungu, tena kwa adabu, tena kwenye spika. Kidawa alimgeukia Mzee Baruti akambinya mkono hadi mzee akalalamika.

Wakatandaza turubai kubwa lililochorwa ramani ya bonde: kijito, bustani, nyumba, bomba la maji, Jungu. Kila mtu mzima akapewa punje moja ya mahindi, nyeupe, safi, zote za ukubwa mmoja. Sharti lilikuwa jepesi: weka punje yako mahali unapopathamini kuliko pote. Mahali patakaposhinda, serikali itapapa kipaumbele. Maana ya kipaumbele haikuulizwa, kwa sababu kipindi cha maswali kilikuwa kimepangwa baada ya chakula, na chakula kilichelewa hadi watu wakaenda zao.

Kidawa alifanya kampeni ambayo mgombea yeyote angeionea wivu. Alipita kwenye foleni akimshika kila mmoja bega. Alimkumbusha huyu mchicha wake, yule maji ya kumwogeshea mwanawe. Lakini wengi walilitaka bomba, ambalo lilikuwa halijatoa maji tangu mwaka wa njaa na lilitamaniwa kama jamaa aliye safarini. Ilipobaki punje moja tu, Jungu lilikuwa na punje mia moja na tisa, na bomba mia moja na tisa. Punje iliyobaki ilikuwa ya Mzee Baruti, na mzee alikuwa anaelekea kwenye bomba.

"Mzee, hapa," Kidawa alimwambia.

"Mimi nataka maji. Harufu yako ninayo ya kutosha."

"Weka hapa. Usipoweka, ukifa sitakuzika."

Watu wakacheka, maana hakuna tishio kubwa kuliko hilo kati ya watani. Baruti naye akacheka, akatikisa kichwa, akainama kwa taabu na kuweka punje yake juu ya Jungu. Bwana Adelardi akapiga makofi, machozi yakimlenga. Ikapigwa picha.

*

Baada ya wiki tatu karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Ilisema kwamba kwa kuwa wananchi wenyewe, kwa hiari yao, wamelitambua eneo la Jungu kuwa ndilo lenye thamani kuu, serikali imewasikiliza. Eneo hilo na nyumba zinazolizunguka vimetwaliwa ili kujengwa Kituo cha Taifa cha Uchumi Unaojihuisha. Wakazi, ambao ni wadau wakuu, watahamishiwa mahali panapoitwa Neema Tele.

Watu waliisoma, wakaisoma tena, kisha mmoja mmoja wakamtazama Kidawa. Angefarijika kama wangemtukana. Ni Baruti tu aliyefungua mdomo, naye kwa utani.

"Lingeshinda bomba wangechukua bomba. Bomba lenyewe kavu," alisema. "Tungewasaidia kulibeba."

Kidawa alikwenda wizarani. Alizunguka jengo mara mbili akitafuta mlango, hadi mpishi mmoja akamhurumia na kumpitisha jikoni. Bwana Adelardi alimpokea kwa mikono miwili na kumpa kiti chake mwenyewe. Alisikitika sana. Alieleza kwamba yeye hana uwezo wa kupinga sauti ya wananchi, na hata waziri hana, lakini sheria inatoa nafasi ya Kikao cha Marejeo ambapo wananchi wanaweza kuweka punje upya. Kidawa alitoka kwa nyuma, akicheka peke yake barabarani.

Safari hii bonde lilijipanga. Ilipitishwa nyumba kwa nyumba kwamba mtu asithubutu kuweka punje karibu na Jungu. Kama kupenda kitu ndiko kukipoteza, basi watakikana mchana kweupe. Siku ya kikao punje zote zikaenda kwenye bomba, zikarundikana hadi zikaporomoka. Ni Mzee Baruti aliyekataa kutoa yake. Aliitia kwenye mfuko wa koti akasema hii hampati, na karani akaandika kwamba mkazi mmoja hakuwa na maoni.

Bwana Adelardi aliliinamia turubai. Kwenye Jungu hapakuwa na hata punje moja.

"Nashukuru sana," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na wasiwasi kwamba mna uchungu na mahali hapa. Kumbe mmeshapaachilia wenyewe."

Kidawa alisimama akasema hawakupaachilia, walikuwa wanapaficha. Akaombwa kwa heshima aiweke hoja hiyo kwenye punje. Alikuwa hana punje tena. Ilikuwa kwenye bomba pamoja na za wenzake. Bomba, akaambiwa, litaingia awamu ya pili.

*

Tingatinga lililokuja lilikuwa la kijani, limepambwa kwa taji la maua ya plastiki. Lilipolikata Jungu katikati, mvuke mwingi ulitoka na kufunika watu wote, na harufu ya udongo wa moto ikapanda hadi sokoni. Dereva alirudi nyuma akidhani amegonga bomba la gesi. Afisa mmoja aliandika kwenye daftari lake kwamba eneo lilikuwa na hatari ya moto na limeokolewa kwa wakati.

Kidawa aliingia kwenye mvuke ule na kopo la maziwa ya unga, akachota mboji iliyoiva akalijaza, akalifunika kwa kitambaa. Hicho ndicho alichobeba mapajani ndani ya lori. Godoro lake alilisahau.

Mahali pa Jungu pakajengwa jumba la vioo. Ndani yake, wanasema waliowahi kuingia, kuna bustani ya plastiki isiyohitaji maji, na chumba chenye baridi ambamo mgeni anaweza kubonyeza kitufe akasikia sauti ya maganda yakioza. Maganda yenyewe siku hizi huchomwa moto nyuma ya soko, kwa kuwa hakuna anayeyataka.

*

Neema Tele ilikuwa tambarare ya kokoto iliyoachwa na machimbo ya zamani, mwendo wa nusu siku kutoka mjini kwa miguu. Kulikuwa na mabati, nguzo, na kibao kizuri. Lori la maji lilikuja mara mbili kwa juma. Kidawa alipofika tu alianza kutafuta cha kupanga tabaka, akakosa. Hapakuwa na majani, hapakuwa na pumba, na hata maganda hayakuwepo, kwa sababu maganda huja na kilichomo ndani yake. Watu waliokuwa wakilisha soko zima sasa walipika uji mwepesi mara moja kwa siku, na wakajifunza kuukoroga polepole ili uonekane mwingi.

Mzee Baruti alijaribu kufinyanga makaa kwa vumbi la kokoto. Hayakushika moto. Kidawa alimwambia yamefinyangwa na mtu mvivu, na mzee alitabasamu lakini hakujibu, na hapo ndipo Kidawa alipoogopa. Mtani akikosa jibu, amekwisha. Alianza kumwachia nusu ya uji wake kwa kisingizio kwamba umeungua. Mzee aliula, kisha akaacha kuula. Alikufa asubuhi moja ya kiangazi akiwa ameketi nje ya bati lake, na ugonjwa wake kila mtu aliujua. Ilikuwa njaa. Kwenye cheti cha kifo waliandika kwamba alichelewa kuzoea mazingira mapya.

Maziko yalikuwa ya Kidawa kuyasimamia, kama desturi ilivyotaka. Alilivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuvuta mguu kama yeye, akakohoa kama yeye. Alisimama mdomoni mwa kaburi akaanza kulalamika kwa sauti ya Baruti: kaburi gani hili la kokoto, mgongo utaniuma, na bomba liko wapi, mmenileta mahali pasipo bomba. Watu walianza kucheka, wengine kwa mara ya kwanza tangu wahame. Akaingiza mkono mfukoni ili avute ugoro kama alivyozoea mzee. Vidole vikagusa kitu kidogo, kigumu. Ilikuwa punje.

Akaitoa, akaitazama kiganjani. Watu wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikwambia usipoweka sitakuzika," Kidawa alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Umeweka. Nimekuzika. Na mimi, mtani wangu, umeniachia nani?"

Aliokota kokoto akazitupa kaburini, kwa kuwa udongo wa kutupa haukuwepo. Alilia waziwazi bila kujifunika uso, jambo ambalo mtani hafanyi.

*

Siku ya pili alichimba kokoto nyuma ya bati lake hadi akapata shimo la kina cha mkono. Akamimina humo mboji yote ya lile kopo, akaifukia punje ya Baruti katikati. Aliimwagilia maji aliyonawia uso. Kila asubuhi alichuchumaa hapo akaingiza kidole kama alivyokuwa akiingiza nondo, akataja majina ya wanawe watatu, na sasa akaongeza la nne. Majirani walikuja kutazama. Walikuwa wameshapanga kichwani: punje zote za mhindi wa kwanza zitapandwa tena, hakuna atakayetafuna hata moja.

Siku ya tano ikapita, na ya saba, na ya kumi. Siku ya kumi na mbili alifukua. Punje ilikuwa imelegea na kuwa kijivu, bila mzizi, bila jicho. Kidawa alidhani ni makosa yake, kwamba alitia maji mengi, au mkono wake umeharibika. Hakumwambia mtu.

*

Mwezi uliofuata mahema ya kijani yakaja Neema Tele kwa ajili ya Kikao cha Tathmini. Bwana Adelardi alikuwa amenenepa kidogo na amepandishwa cheo, lakini hakuwa na majivuno. Aliuliza habari za kila mtu. Alimuulizia hata Mzee Baruti, na alipoambiwa akasimama kimya dakika nzima, mkono kifuani. Kisha akatandaza turubai lililochorwa mabati, nguzo na kibao, akagawa punje.

"Leo sharti ni jipya," alisema. "Weka punje yako mahali penye hitaji kubwa kuliko pote. Serikali itapeleka nguvu yake hapo."

Kidawa aliitazama punje yake. Nyeupe, safi, ukubwa uleule.

"Mwanangu," alisema, "hizi zinaota?"

Bwana Adelardi alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba haziwezi kuota. Waraka wa wizara unaagiza zichemshwe kwanza na kukaushwa, kwa sababu zamani wananchi wa sehemu fulani walitoka na punje vikaoni wakazipanda, na vyombo vya maamuzi haviwezi kuachwa vikapandwa ovyo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Ni kwa ajili ya uwazi."

Kidawa alitikisa kichwa polepole. Mkono wake haukuwa na kosa, basi. Alisogea hadi kwenye turubai, akapita juu ya nyumba yake iliyochorwa, akapita lori la maji, akasimama katikati.

"Mahali penye hitaji kubwa kuliko pote," alisema.

"Ndiyo, mama. Uwe huru."

Akaiweka mdomoni. Aliitafuna taratibu, kwa kuwa ilikuwa ngumu na meno yake hayakuwa mengi. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni akafanya vilevile, na mwingine, na mwingine, hadi foleni yote ikawa inatafuna. Bwana Adelardi aliwatazama, akalitazama turubai, na macho yake yalilengwa na machozi kama siku ile ya kwanza. Kisha akaandika.

Taarifa ilibandikwa kwenye kibao baada ya wiki mbili, kwenye karatasi nzuri inayong'aa. Ilisema kwamba katika zoezi lililohudhuriwa na wakazi wote, ramani ya mahitaji ilibaki bila punje hata moja, na hivyo wakazi wa Neema Tele, kwa kauli moja na bila shinikizo, wamethibitisha kwamba hawana hitaji lolote lililosalia. Chini yake palikuwa na picha ya Bi Kidawa, mdomo umefumbwa, shavu moja limetuna. Maelezo ya picha yalisema kwamba huyo ni mwananchi akifurahia matunda ya mpango.

Juma hilo lori la maji halikuja. Kidawa alikaa kando ya barabara na debe lake hadi jua likawa kali, kisha akaligeuza debe akalikalia.